Mswada Uliosafishwa kwa Raba

Bwana Pazia, salamu zisubiri. Mkwe wangu ameufuta mswada wetu. Ameufuta kwa raba!

Ule wa mchezo wetu wa kwanza, ambao marehemu mke wangu aliushika nyuma ya pazia ulilokuwa ukituvutia jukwaani, akitunong'onezea maneno tuliyosahau. Maelezo yake yote ya penseli pembeni hayapo.

"Nimekusafishia mswada, baba. Sasa unapendeza." Amenikabidhi kwa mikono miwili, anatabasamu!

Nikamuuliza, "Unajua umefuta mwandiko wa nani?"

"Si penseli tu, baba?"

Penseli tu! Miaka arobaini nimeuhifadhi kabatini pamoja na vijitabu vya maonyesho yetu yote, na msomi huyu ananiambia penseli tu.

Nimeuinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Marehemu alizoea kukandamiza penseli, ukurasa wa tisa alama zimebaki: "Hapa mume wangu husahau. Mwangalie."

Nikiwa bado nausoma, mkwe akanyoosha mkono wenye raba. "Kumbe bado kuna alama. Lete nimalizie, baba."

Nimemwonyesha mlango. Binti yangu yuko jikoni analia, lakini mumewe na raba yake hawakanyagi tena nyumbani kwangu.