Mwamini Salumu Ni Watu Wawili

Kasongo, Jumamosi, mwezi wa tisa. Jua kali, moyo umetulia.

Nimekaa kwenye baraza ya depo, miguu juu ya kiti cha pili, kama waziri aliyestaafu. Leo mutu asiniite kwa jina. Aniite Direkta.

Programu mpya imekubali. Inasoma mifuko ya wateja hapa Kasongo, inasoma na ile ya kituo chetu cha Wamaza kwa njia ya simu, na tangu asubuhi hakuna mteja aliyegombana na karatasi yake. Mimi niliyefika mwaka wa tatu wa sekondari, mwaka wa tatu wenyewe ukanikataa, ndiye niliyeongoza hiyo kazi. Wenye diploma wapo. Nawasalimia.

Kwa asiyejua depo yetu: wakulima wanaleta mupunga, sisi tunawawekea. Wa kula wanaukoboa kwenye mashini yetu siku wakitaka, na mbegu, hata ya watu wa Wamaza, inakaa kando hapa Kasongo mpaka mvua ianze. Mwenye depo ni Mama Zabibu. Yule mama hapigi kelele. Anakutazama tu, wewe mwenyewe unaanza kutubu. Ordinateri yetu ya zamani, ile kompyuta ya hesabu za mifuko, ilikuwa imechoka, jua likizidi inajizima, na mifuko iliyoko kituo cha Wamaza haikuijua kabisa. Mama Zabibu akaniambia, "Wewe kila siku unajisifu umefika Bukavu, Bujumbura, Kigoma. Basi lete hiyo mpya. Ila mupunga wa mutu ukipotea, na wewe upotee."

Nikajipanga. Hapa sijisifu bure. Nilingoja mavuno yapite, foleni ipungue. Nilichukua nakala ya kila kitu kwenye flash mbili, moja nikaivaa shingoni kama hirizi. Na ile ordinateri ya zamani nikakataa kuizima. Niliiweka kwenye meza ya pembeni, ifanye kazi pamoja na mpya mpaka roho yangu iridhike. Fundi wa Bukavu aliyetuuzia programu akanicheka kwenye simu: "Direkta, unaoa wa pili na wa kwanza bado yuko ndani?" Nikamjibu, kwetu inaruhusiwa.

Halafu nikafanya ujinga.

Wakati wa kuhamisha majina, programu iliniuliza: kuna wateja wa jina moja na kijiji kimoja, tuwaunganishe? Nikaona hii ni mashini yenye adabu, inataka kufagia nyumba kabla ya kuingia. Nikabonyeza ndiyo. Nilibonyeza kwa raha, kama mutu aliyepewa soda ya harusi.

Mimi! Mutoto wa Kasongo! Mimi mwenyewe niliyebeba jina la babu yangu!

Huku kwetu jina haliachwi kaburini, linarudi kwa mjukuu. Bibi Mwamini wa Wamaza baba yake alikuwa Salumu. Alipozaa mutoto wa kiume akamwita Salumu. Salumu naye akazaa binti, akamwita Mwamini. Sasa wote wawili ni Mwamini Salumu, wote wameandikwa wa Wamaza, mmoja kichwa cheupe na mwingine ananyonyesha, ameolewa hapa Kasongo. Programu iliyotengenezwa mbali ingejua wapi? Mimi nilijua, na nikabonyeza.

Juzi Alhamisi yule mjukuu alipita asubuhi, akaomba mupunga wake ukobolewe, kisha akaenda zake sokoni. Programu mpya ikatoa karatasi safi: mifuko yote ya Mwamini Salumu, kukoboa. Wabebaji wakaanza kubeba. Ndani ya hiyo "yote" kulikuwa na mbegu ya bibi. Na mupunga ukishakobolewa umekuwa chakula. Hauoti tena hata uusomee dua.

Mungu si binadamu. Saa ile ile bibi akashuka kwenye pikipiki kutoka Wamaza, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kule mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, amekuja kuchukua mbegu yake. Akaikuta mlangoni mwa mashini. Hakuuliza mutu. Alipanda juu ya mifuko, akakaa.

Nikatoka na karatasi yangu mkononi. "Bibi, shuka tafadhali. Umetoa oda wewe mwenyewe, iko hapa imeandikwa."

"Mimi iko juu ya pikipiki tangu alfajiri. Hiyo oda niliitoa na mdomo gani?"

"Ordinateri haidanganyi, bibi."

"Basi iambie ije inishushe."

Wabebaji wakaangua kicheko. Mimi nikaanza kumweleza maendeleo ya dunia, kwamba Bujumbura wanafanya hivi, Kigoma wanafanya vile. Akavua viatu, akavipanga chini vizuri, kama mutu aliyefika kwake.

Mjukuu akaletewa habari, akaja mbio kutoka sokoni, mutoto mgongoni. "We bibi! Umekalia mupunga wangu!"

"Wako uko kule nyuma, mukewenza. Hii ni mbegu yangu. Mume umeshaninyang'anya, unataka na mbegu?"

Utani wa bibi na mjukuu wake, kila siku wanamgombania babu. Watu wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilitazama karatasi, nikawatazama wao. Mmoja amekaa, mmoja amesimama, na kioo cha ordinateri yangu mpya kinasema ni mutu mmoja.

Nikapiga kelele mashini izimwe. Nikakimbilia meza ya pembeni. Ile ordinateri iliyochoka iliwajua wote wawili, kila mmoja na mifuko yake, na ya bibi imeandikwa mbegu. Nikajaribu jina lingine kwenye zote mbili, Amisi Ramazani wa Kasongo. Mpya ikasema yuko mmoja. Jamani, kwenye barabara yetu tu wanatosha timu ya mpira.

Nilikwenda kwa Mama Zabibu nikasema mwenyewe, kabla hajanitazama. Akanitazama hata hivyo.

"Mbegu imeguswa?"

"Haijaguswa, mama."

"Basi tengeneza. Kupotea utapotea siku nyingine."

Fundi wa Bukavu alikaa nami kwenye simu bila kununa. Tukarudisha majina kutoka flash ya shingoni, na safari hii programu ilipouliza, nikabonyeza hapana kama ninayefukuza mbuzi jikoni. Akaniongezea nafasi moja chini ya kila jina, ya kuandika jina la nyumbani. Jana baada ya sala ya Ijumaa nikawaita wateja barazani, kila mutu aseme nyumbani wanamjua vipi. Amisi mmoja akajikohoza: "Andika Amisi wa Nyangwe, mfanyabiashara." Wenzake wakadakia, "Andika Amisi Mutumbwi, ule uliozama!" Akakubali, mradi mifuko yake isiende kwa Amisi mwingine.

Bibi alilala kwa mjukuu wake, akangoja. Leo asubuhi, kabla ya kuondoka, akasimama mbele ya kioo. "Nisomee."

"Mwamini Salumu, yule bibi, Wamaza. Mbegu. Isikobolewe."

"Rudia."

Nikarudia.

"Ongeza kwamba ni mzuri kuliko yule mwingine."

Nimeongeza. Iko mule ndani, na mutu asithubutu kufuta. Mbegu yake nimeifunga mwenyewe kwenye pikipiki, kamba mara mbili.

Sasa watu wanapita, wananipongeza, na mimi napokea, sina haya. Nashukuru Mama Zabibu hakunifukuza. Nashukuru fundi. Nashukuru hata ordinateri ya zamani, mzee wa watu, nitaizima kwa heshima.

Lakini hapa, tukiwa peke yetu, nashukuru zaidi kwamba Mungu alinipa mteja mwenye kichwa kigumu. Wateja wapole ninao wengi. Wananiita Direkta, wanaamini kila karatasi ninayowapa. Kama bibi angekuwa mmoja wao, leo angepanda nini?