Nilimficha Baba Hatari ya Vali Mpya

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nimefanya jambo ambalo nikilitazama upande huu naona ni upendo na nikiligeuza naona ni uongo mtupu. Baba yangu ana miaka sabini na minne, ni fundi bomba, na mpaka leo hatoki nyumbani bila spana, ila tangu mwaka jana akipanda ngazi chache tu anasimama kuhema, na mara mbili amezirai kazini, mara ya pili akiwa chini ya sinki la watu, nikamvuta miguu kumtoa kwa sababu mimi ndiye ninayefanya naye kazi. Hospitali wakasema vali ya moyo imekakamaa, haifunguki vizuri, na kwamba wanaweza kumwekea nyingine bila kupasua kifua, wanapitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni.

Sasa mshauri, masikio ya baba yamechoka kwa miaka hamsini ya kugonga mabomba, kwa hiyo mbele ya wateja mimi ndiye masikio yake, mtu anaeleza weee, mimi namwinamia namwambia kwa kifupi, "Linavuja kwenye kiungo," na yeye kaelewa yote. Kwa daktari tukafanya vilevile. Daktari alizungumza karibu nusu saa, akasema kati ya wagonjwa mia walio kama baba, wawili au watatu hawamalizi mwezi, wawili au watatu wanapata kiharusi, zaidi ya kumi wanaishia kuwekewa betri ya kusaidia mapigo ya moyo, na wengine mshipa wa paja unavuja damu, halafu akasema pia kwamba wakiachwa hivi hivi, nusu yao hawafiki miaka miwili. Mimi nikamwinamia baba nikasema, "Wanapitisha mrija, wanabadilisha vali, unarudi nyumbani." Baba akacheka, "Kumbe na hawa ni mafundi bomba!" akatia saini.

Kiharusi nilikiruka makusudi. Rafiki yake, fundi rangi, alizibuliwa mshipa wa moyo kwa mrija kama huo, akatoka mkono wa kulia umepooza na maneno yanamkwama, na siku tuliyokwenda kumwona baba aliniambia njiani, "Mwanangu, mimi afadhali nizimike kazini kuliko kulishwa kwa kijiko." Nilijua nikilitaja tu neno lile atasimama aondoke. Kaka yangu mkubwa ananiambia ninyamaze, eti, "Mzee akipona, nani atakumbuka ulisema nini?" Lakini vali inabadilishwa wiki ya mwisho ya mwezi huu, na baba ameshawaahidi watu kwamba Jumatatu inayofuata baada ya hapo atapandisha tangi la maji ghorofa ya pili, na juzi tukikata bomba akaniuliza, "Daktari aliongea sana siku ile. Ndiyo yote uliyoniambia?" nikasema ndiyo, jana akauliza tena, nikasema ndiyo, na leo kwenye chai ameuliza tena nami siwezi hata kumtazama usoni. Ninyamaze, au niseme nimpoteze?

Binti wa Fundi Bomba

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Fundi, pole. Mtu aliyemvuta baba yake kutoka chini ya sinki ana kila sababu ya kuogopa, na sikucheki. Huruma yangu inaishia hapo.

Unajiambia ulifupisha. Hukufupisha. Baba yako alikwambia kwa mdomo wake ni kitu gani anakiogopa kuliko kufa, na ukakichomoa hichohicho. Saini iliyo kwenye ile fomu ni yako. Yeye alitoa mkono tu.

Tena hukumficha mabaya peke yake. Kiharusi anachokijua baba yako ni cha mtu mmoja, rafiki yake, na kwa macho yake kila anayeingizwa mrija hutoka vile. Hajui kwamba kwake daktari amekadiria wawili au watatu katika mia. Hajui kwamba akikaa nyumbani ni nusu kwa nusu. Mimi si daktari, na kuzibua mshipa si kazi ileile ya kubadilisha vali, kwa hiyo tofauti hiyo muulizeni mwenyewe mtaalamu. Ila mzee aliyeamua maisha yake yote kama kitu kitengenezwe au kiachwe kilivyo anaweza kuziweka hesabu hizo mbili pamoja akaamua. Wewe umemnyima zote mbili.

Na hilo tangi! Kwani nani alimwambia kwamba mtu aliyetobolewa mshipa wa paja wiki iliyopita anabeba tangi? Wewe, kwa lile "unarudi nyumbani" lako. Mshipa huo ukipasuka ngazini kwa kubeba mzigo kabla ya wakati, utamlaumu daktari?

Kaka yako anauliza nani atakumbuka. Baba akiamka mkono hausogei, atakumbuka yeye. Na mtu mzima hakuulizi jambo moja mara tatu kwa sababu amesahau jibu. Anajua kuna kitu, anakupa nafasi.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, kaa upande wa sikio lake lenye nafuu umwambie: "Baba, kuna maneno ya daktari niliyaruka, kwa kuwa niliogopa utakataa." Anza na kiharusi. Usianze kwa kulia, maana ataanza kukubembeleza na mambo yataishia hapo. Akifoka, mwache afoke, ana haki.

Kisha piga simu hospitali, omba mkutane tena na daktari kabla ya siku yenyewe. Mwambie aandike kila kitu kwa herufi kubwa, baba asome mwenyewe na kujibu mwenyewe. Aulize timu yao imeshawafanyia wangapi, kiharusi kikitokea wanafanya nini, dawa atameza mpaka lini, na lini ataruhusiwa kubeba kizito. Daktari amwombe arudie alichoelewa kwa maneno yake. Wewe keti pembeni, na mdomo wako uufunge. Najua utakuwasha.

Liko swali hukuniuliza, nalo ndilo lililokufanya uandike: akikataa je? Akikubali ataingia mle ndani akijua anachokwenda kufanyiwa. Akikataa baada ya kuelewa, mrudishe nyumbani, mpe dawa zake kwa saa, na usimnunie. Pengine utampoteza mapema, sitakudanganya. Lakini siku zitakazobaki utakuwa na baba yako, mkaidi na mgonjwa, na utaweza kumtazama usoni.