Nyumba ya Nne

Makambako, 9 Machi 1952

Mama Gideoni, mke wangu,

Miezi minane imepita tangu nitoke Ludewa. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa baridi. Sweta ulilonifumia limefika.

Zile nyumba za wafanyakazi tumezimaliza. Bwana mpimaji alizipanga sita kwa duara, milango ikitazamana, ili majirani wasaidiane. Tulipochimba msingi wa nyumba ya nne tulikuta mafiga ya jiko la zamani, na kando yake mifupa ya mtu. Watu wa hapa huzika karibu na nyumba zao. Mwenzangu Odilo akasema, "Bwana, sogeza kigingi. Hapa pana mwenyewe." Bwana akajibu kwamba kigingi kimoja kikisogea, duara lote linaharibika. Tukafukia, tukajenga.

Nyumba hiyo wote waliikataa. Nikapewa mimi, kwa kuwa niliomba mahali pa kuishi na mke. Odilo hunitania, "Umepewa nyumba na mama mkwe humo humo."

Nilikuandikia uje. Sasa nakuomba usije. Kila alfajiri mtu hupiga hodi mlangoni, na sauti ni yako, Tabea. Nikifungua, naona milango mitano ya jirani, yote imefungwa. Ukija kweli, nitakujuaje?

Mkataba unaisha Juni. Nitafika mahindi yakiwa yamekauka shambani, tena nitaingia mchana, watu wakiniona. Ukisikia hodi yangu kabla ya hapo, usiitikie.

Mumeo,
Manase