Don Fadrique Amekuwa Mtu Mwema

Ivisan, Capiz
6 Septemba 2004

Kwako Inday Nimfa,

Salamu, mwanangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mjukuu wangu Tala. Mimi sijambo, ni goti tu linalosumbua mvua ikinyesha. Nilikuwa mzima kabisa mpaka Ijumaa, nilipokwenda kwa jirani, Manang Pacing, kutazama hiyo tamthilia unayoiandika.

Inday, tangu lini mnyonya damu akalia? Don Fadrique yuleyule aliyemfyonza mdogo wa yule binti Amparo na kumtupa kisimani, leo kapiga magoti kanisani machozi yanamchuruzika, na sebule nzima ya Pacing inavuta kamasi! Eti kaacha watu, siku hizi anakunywa damu ya nguruwe. Nyoo! Sisi sote hapa tunakula damu ya nguruwe, tunaipika na siki, mbona hatupigiwi makofi? Nimeingiwa na kinyaa mpaka nikaacha mhogo wangu kwenye sahani. Watu wa Capiz tunatukanwa nchi nzima kwamba sisi ndio wala watu, halafu mtoto wa hukuhuku ndiye anayemsafisha! Muue. Kalamu unayo wewe.

Nibusie Tala.

Nanay yako


Quezon City
20 Septemba 2004

Nanay mpendwa,

Naupokea mkono wako na kuuweka kwenye kipaji cha uso wangu kwa heshima, japo kwa karatasi. Pole na goti. Tala hajambo, ameng'oka meno ya mbele na anajiona mkubwa.

Ya damu ya nguruwe nimewasomea wenzangu kazini, wamecheka hadi basi. Lakini kumuua siwezi. Mwanzoni watu walikuwa wakimzomea mwigizaji sokoni, sasa akina mama wanampelekea rozari. Bosi kasema Fadrique akifa, na sisi tumekufa.

Halafu Nanay, kwani mtu habadiliki? Akizeeka, akiumwa, akajuta? Mimi naamini anabadilika. Tazama mwanzoni mwa Oktoba, Amparo atamkaribisha mezani. Kipande hicho nimekiandika kwa moyo wangu wote.

Mwanao, Inday


Ivisan
11 Oktoba 2004

Inday,

Habari za huko? Huku tupo. Nimekitazama hicho kipande chako cha moyo wote.

Don Fadrique, ambaye hata chakula cha watu hali, anamchambulia Amparo samaki. Mwatiko, mwenye miiba kuliko nyama. Anachomoa mwiba mmojammoja kwa kucha, anaupanga ukingoni mwa sahani, kisha anamsogezea minofu. Pacing akasema, "Ay, mwanamume wa namna hii utampata wapi!" Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba nikatapika kwenye migomba.

Hilo hukulitunga. Huyo ni baba yako, Crispulo. Ulikuwa ukiamka asubuhi unamkuta anachambua samaki, ukadhani una baba mpole. Hukujiuliza kwa nini anamchambulia mtu mzima mwenye meno yake. Nilikuwa siwezi kutafuna, Inday. Taya limevimba kwa ngumi zake. Hiyo minofu ndiyo ilikuwa kuomba radhi kwake, nami niliimeza pamoja na damu yangu mwenyewe. Alipotukimbia na yule mwanamke wa Bacolod, nilimwashia Bikira mshumaa wa shukrani.

Sasa nijibu bila kunizungusha. Miaka yote hii hukumwandika, kwa nini leo? Yuko kwako?

Nanay yako


Quezon City
2 Novemba 2004

Nanay mpendwa,

Natumaini goti limetulia. Ndiyo, yuko kwangu tangu Juni. Alikuja na mfuko wa plastiki tu, figo zimechoka, yule mwanamke kamfukuza. Niliogopa kukwambia.

Ya taya sikuyajua, Nanay. Nimelia sana. Nilimuuliza, naye akalia, akasema ni ujana na tuba, ile pombe ya mnazi aliyokuwa akinywa. Kila nikimwandika Fadrique namtazama Tatay kwenye kiti chake, najiambia huyu si yule tena. Anataka akuombe radhi angali hai, na afie Ivisan. Tutakuja Krismasi. Si lazima umpende. Mfungulie mlango tu.

Mwanao, Inday


Ivisan
15 Novemba 2004

Inday,

Mimi mzima. Njoo na Tala, nitachinja nguruwe. Yeye asije.

Simchukii tena. Namwonea kinyaa, kama unavyomkuta mende ndani ya wali. Nyumba hii niliijenga upya alipoondoka, na ndani yake sijawahi kulala na hofu. Sina kingine. Asiikanyage ngazi yangu.

Nanay yako


Buenavista, Guimaras
9 Januari 2005

Inday,

Niko kwa mdogo wangu Basilisa, salama. Wewe ulikuwa uani pamoja naye, kwa hiyo nikueleze yalivyokuwa upande wangu wa mlango.

Nilikwambia asije, Krismasi ukamleta. Nikafunga. Kijiji kizima kikajaa uani, Pacing mbele, anagonga huku analia: "Manang Conching, hata Amparo kasamehe, na yule alikuwa mnyonya damu! Wewe una roho gani?" Mwingine akasema, "Mtu kabadilika, fungua bwana!" Mtu gani? Walikuwa wanamlilia Fadrique wako, mimi hawakuniona kabisa. Ndipo Tala akaniita mimi bibi yake, "Lola, nimechoka." Nikafungua kwa ajili ya mtoto.

Wakapiga makofi, Inday. Makofi! Akapanda, akakaa kwenye kiti changu, akatazama huku na huku, akauliza, "Chakula kipo?" Hiyo ndiyo radhi niliyoombwa. Nikatokea mlango wa jikoni na nguo nilizovaa.

Sirudi akiwa humo. Uliyemwingiza ni wewe, umtoe wewe. Akishatoka niandikie neno moja tu, katoka, nami nitavuka bahari nirudi siku hiyohiyo. Kama hajatoka, usiniandikie kabisa.

Nanay yako


Quezon City
27 Machi 2005

Nanay mpendwa,

Heri ya Pasaka. Naupokea mkono wako. Natumaini wewe na Tiya Basilisa hamjambo, na goti linakuruhusu kutembea. Sisi wazima. Tala ameanza kusoma bila kusaidiwa.

Tamthilia imeisha Ijumaa kabla ya Juma Kuu. Fadrique na Amparo wamefunga ndoa, barabara zilikuwa tupu, nchi nzima imekaa ndani inatazama. Nimepandishwa cheo.

Huko Ivisan mambo shwari. Manang Pacing anampelekea Tatay uji kila asubuhi, na mwanawe amepaka mlango rangi mpya. Nguruwe wako tumewauza kwa ajili ya dawa zake. Najua ulichosema, Nanay. Lakini alivyokonda, nimtoe aende wapi? Jipe muda, utazoea.

Tatay anakusalimu.

Mwanao, Inday