Watoto Wawili wa Kitwa

Kamina, 14 Februari 1954

Yaya Kitwa, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto huko Luena. Mimi mzima, ni mvua tu inayotutesa. Na ule mguu wako ulioumia kwenye reli, unaukanyagia sasa?

Yaya, laiti ungeiona bustani yetu ya watoto, shule ya wadogo, hapa kambi ya reli! Madame, msimamizi wetu, amenikabidhi yote mimi, mdogo wako. Nimepanga mikeka penye kivuli, benchi fupi mpaka wewe ukikalia magoti yatagusa kidevu. Kuna mchanga, kuna udongo wa kufinyanga, kuna punje za mahindi za kuhesabia. Mchana, wakubwa wakitoka shule, nao wanakuja kunisomea kwa sauti, na wadogo wanasikiliza midomo wazi. Zamani walikuwa wakishinda relini wakirukia mabehewa.

Binti yako Kyungu anaimba kuliko wote. Madame amemshonea aproni ya buluu. Usiwe na wasiwasi juu ya wanao, wote wazima.

Mdogo wako,
Kyabu

Luena, 2 Machi 1954

Mdogo wangu Kyabu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Sisi hatujambo, mguu unaniuma asubuhi tu. Mama yao anakusalimu na amekutumia samaki wakavu kutoka Mulongo. Yule mkubwa ni wako, usiwagawie majirani kwa sifa.

Lakini barua yako tumeisoma pamoja, na mama yao akauliza: "Na Kabange?" Umemtaja Kyungu peke yake. Unajua mama alivyotulea: cha pacha mmoja ni cha wote wawili, hata kama ni kipande cha muhogo. Huyo Kabange aliachiwa bibi yake kule Mulongo muda mrefu, ndiyo maana tuliwaleta kwako pamoja, wazoeane. Je, naye ana aproni?

Yaya wako,
Kitwa

Kamina, 11 Machi 1954

Yaya,

Hatujambo. Samaki wamefika, asanteni sana, na yule mkubwa nimemla peke yangu kama ulivyoamuru.

Kabange bado anazoea. Unajua hasemi, na kelele za wenzake zinamchosha. Kwa sasa anashinda kwa jirani, Mama Esdras, anayempenda sana. Aproni yake itakuja. Mwisho wa mwezi tunapokea wageni, wakubwa wa kazi na wake zao, wanataka kuona kama bustani hii inafaa kuigwa kwingine. Niombee. Wakishaondoka, nitamwingiza.

Mdogo wako,
Kyabu

Luena, 9 Aprili 1954

Kyabu,

Nakusalimu. Siulizi afya yako, niliiona.

Siku ya wageni nilikuwa Kamina. Nilipata ruhusa kazini, nikapanda treni bila kukuarifu, nikitaka kukushangaza. Nilimkuta Kabange kwa Mama Esdras, amekaa karibu na beseni la nguo. Nikambeba mabegani twende tukamwone dada yake akiimba. Tulisimama nje ya seng'enge, nyuma ya watu.

Mgeni mmoja, bibi mwenye kofia, alimwuliza Kyungu jina lake. Mwanangu akajibu kama anavyojibu siku zote: "Kyungu na Kabange." Bibi akakugeukia: Kabange ni nani? Nawe ukacheka, ukasema, "Hakuna mutoto wa vile, Madame. Njo jina ya pupe yake." Jina la mwanasesere!

Kabange hasemi, lakini masikio yake ni mazima. Mikono yake ilikuwa kichwani pangu. Nilihisi inanibana.

Kwetu pacha hasemwi hayupo, hata aliyekufa. Wewe umemsema hayupo akiwa hai, yuko hatua chache kutoka kwako.



Kitwa

Kamina, 6 Mei 1954

Yaya,

Najua hutaki salamu zangu. Nakusalimu hata hivyo, na mama watoto, kama bado anataka kusikia jina langu.

Barua yako imekaa kwangu karibu mwezi. Kila nikishika kalamu, aibu inanishika. Nilitaka wageni waone watoto wasafi, wanaojibu upesi. Nilimwonea haya mtoto wa ndugu yangu kwa sababu udenda unamtoka na hajui kusema "bonjour".

Nilikwenda kwa Madame nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza tu kwa nini sikumleta tangu mwanzo. Akatoa kitambaa kile kile cha buluu. Kumbe hakuna aliyewahi kumkataza Kabange, Yaya. Ni mimi peke yangu.

Aproni ninayo. Mtoto ndiye hataki. Namfikisha langoni, anashika waya kwa mikono miwili, nikimvuta analia. Kyungu amevua aproni yake, ameketi ndani ya waya mbele yake, wanapitishiana udongo kwenye matundu. Haimbi tena. Wengine wananiangalia, nami natazama chini.

Nimebembeleza, nimeimba, nimechutama mbele yake nikamwomba msamaha. Ananiangalia kama mtu wa kambi nyingine. Njoo, Yaya. Wewe alikubali umbebe. Mshike mkono, umwingize, umtaje jina mbele ya watu wote kwamba ni wako. Mimi neno langu kwake halina uzito tena.

Mdogo wako, kama bado ni mdogo wako,
Kyabu

Luena, 15 Mei 1954

Mdogo wangu Kyabu,

Bado u mdogo wangu. Salamu kutoka kwa mama watoto, amelia, kisha akauliza kama unakula vizuri.

Kuna jambo sikuliandika. Siku ile pale kwenye waya, nilipaswa kuingia na kusema, mimi ndiye baba yake, huyu hapa. Mguu mmoja ulishatangulia. Nikaiona mikono yangu ya grisi, nikawaona wale wageni, nikamwona mtoto anatoa udenda kwenye kola yangu. Nikamrudisha kwa Mama Esdras, nikapanda treni. Barua kali niliyokuandikia, nusu yake nilistahili mimi.

Umeniomba nimtaje mbele ya watu. Nikasema nianzie hapa. Jana wakati wa mapumziko niliwaambia wenzangu kazini habari ya pacha wangu: "Miye niko na batoto babili, mapasa." Gaston, ambaye nimefanya naye kazi miaka minne, tunakula sahani moja, akaweka kijiko chini akasema, "Weye, Kitwa? Tangu lini?"

Miaka yote minne nilikuwa nimemtajia Kyungu peke yake. Nakuja Jumamosi ijayo, na mama yao.

Yaya wako,
Kitwa