Utando wa Siku Tatu

Jumatatu, 22 Septemba
Utando wa plastiki wa Ijumaa umekatika tena. Nimeuvuta kidogo tu, ukalia kama biskuti. Mwembamba kama ganda la kitunguu, kazi yake kufunika majeraha ya moto. Ukikatikia juu ya jeraha la mtu, nani atatusamehe? Daktari Uwera, mkuu wa maabara yetu, anasema miale ya elektroni tunayoupiga imezidi. Nimetengeneza televisheni za kichogo miaka ishirini, nazo zilirusha elektroni. Fundi husikiliza kwanza.

Wenye mashine ya miale wametupa hadi Jumatatu ijayo. Tukishindwa, inaondoka. Na mimi pia.

Jumanne, 23 Septemba
Miale imepunguzwa. Tumepima papo hapo. Utando unanyooka vizuri. Daktari amefurahi. Mimi nimeweka nusu kwenye droo. Simwamini mgonjwa anayepona siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 25 Septemba
Wa droo umekatika. Basi si wingi wa miale, ni hewa. Nimesoma hadi macho yanauma. Elektroni hukata minyororo ya plastiki, ncha zikabaki zinatafuta pa kushika. Zikishikana zenyewe, utando unakuwa imara. Hewa ikiwahi, inazila polepole. Nasi kila Ijumaa tunapiga miale, tunauacha wazi, tunapima Jumatatu.

Nimemwambia Daktari.

“Hii umeisoma wapi, Mzee Saidi?”

“Kwenye droo, Daktari.”

Hakucheka. Ila ameagiza naitrojeni, gesi isiyozila ncha hizo.

Ijumaa, 26 Septemba
Utando tumeufunga kwenye mfuko wa naitrojeni, tukaupiga miale humo humo, kisha ovenini, moto mdogo wa kuzishikanisha ncha, bila kufungua. Joseph wa stoo, Mkongo, amechungulia.

“Papa Saidi, Kigali hii mfuko wa plastiki ni kesi, na wewe unaipika? Chumvi iko wapi?”

Ulipopoa nimekata vipande vinne, nimeviacha droo ile ile, kwenye hewa. Daktari alitaka kupima leo. Nimekataa. Ufunguo nimeondoka nao. Naogopa, lakini nimekataa.

Jumamosi, 27 Septemba
Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Nimechimba mtaro hapa Nyamirambo hadi saa tano. Jirani ameuliza udongo umenikosea nini.

Jumatatu, 29 Septemba
Cha kwanza kimenyooka. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kimechanika pembeni, pale mkasi wangu ulipoteleza. Kosa la mkono, si la hewa. Nimelisema kabla sijaulizwa.

Daktari ameandika barua ya kuomba mashine ibaki. Amenipa niisome kabla hajaituma. Nimeisoma mara mbili, nikamrudishia. Nikavaa glavu, nikarudi kazini.