Kicheche Hajatoka Shimoni

Ijumaa, baada ya isha

Na nilijua tangu asubuhi, nilipoona mitende ya bustani imelalia upande mmoja. Kwa upepo kama huu sungura hatoki shimoni. Hasikii kilichoko nje, hanusi kitu, anaona afadhali apambane humo humo gizani na kicheche wa kuwindia ninayemwingiza kumtimua. Hata nyavu nilizotega kwenye midomo ya mashimo zilikuwa zinapeperuka tu.

Lakini arbab, tajiri wangu, ana wageni kesho, na sungura wamemaliza maua ya madam. "Yalla, Juma, mwachie aingie!"

Miaka sita ya Dubai imenifundisha jibu moja. Nikasema, "Yes, sir."

Kicheche akaingia. Sungura hawakutoka, na yeye hakutoka. Bila shaka ameua mmoja huko chini, ameshiba, amelala. Na mchanga unazidi kuziba mashimo.

Nimefukua kwa sepetu mara nne. Nimemwachia kisanduku chake hapo nje, na fulana yangu ndani apate harufu yangu. Pengine...

Arbab amepiga simu sasa hivi kuuliza kama kicheche wake amerudi salama.

"Yes, sir."

Jibu limetoka lenyewe. Sepetu niliiacha wapi?